Mtaa Haupimwi Siku ya Kukata Utepe

Hotuba niliyoitoa mbele ya wanachama wa ushirika wetu wa nyumba, Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoitamka.

Ndugu mwenyekiti wa ushirika, ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, vijana, habari za asubuhi.

Nimeitwa niizungumzie ile picha. Wote mmeiona, imebandikwa mlangoni pa ofisi: maghorofa meupe, sola juu ya paa, miti imenyooka, watoto wanaendesha baiskeli, na chini yake maneno makubwa, "mtaa wa nishati safi". Mjenzi anataka tumpe kiwanja chetu atujengee hicho. Mkutano uliopita mama mmoja aliyekaa pale nyuma aliniuliza, "Fundi, hiki kitu kitadumu?" Sikuwa na jibu. Nikaomba muda.

Mimi ni fundi umeme. Nimefunga waya majumbani mwa watu kwa miaka ishirini na sita, na miaka ya karibuni nimekuwa nikikagua majengo yanavyokula umeme. Baada ya kusoma na kufikiri, naweza kumjibu mama yule hivi: picha haiwezi kujua. Anayejua ni mita, miaka mitano au saba baada ya watu kuhamia, watoto wamezaliwa mle, bomba limepasuka mara mbili, na mjenzi ameshaondoka. Bahati nzuri iko mitaa duniani iliyofika umri huo, ikapimwa, na wenyewe wakakubali kusema kilichokwenda vibaya. Naomba tuanzie huko kabla hatujarudi nyumbani.

Mmoja upo kusini mwa London, sehemu inaitwa Hackbridge, katika halmashauri ya Sutton. Jina lake ni BedZED. Ulikamilika mwaka 2002, nyumba kama 100 hivi pamoja na ofisi ndogondogo. Waliouanzisha ni Peabody, taasisi kongwe ya nyumba za watu wa kipato kidogo, shirika la mazingira la Bioregional, na msanifu majengo Bill Dunster. Mimi nimefika pale kwa miguu yangu. Dada yangu anaishi upande ule wa jiji, na nilipokwenda kumsalimia aliniuliza nataka kutembezwa wapi. Nikamwambia nipeleke Hackbridge.

Unaviona vyenyewe kabla hujaambiwa. Juu ya mapaa kuna vitu vya rangi, chekundu, cha njano, cha buluu, cha kijani, vimejipanga kama majogoo. Upepo ukigeuka, vyote vinageuka pamoja. Kila kimoja kina midomo miwili. Mmoja unaukabili upepo na kuvuta hewa mpya ndani ya nyumba, mwingine unaupa upepo kisogo na kutoa hewa iliyotumika, na zikipishana mle ndani, ile ya moto inayotoka inaipasha ile ya baridi inayoingia. Hakuna feni wala waya. Nilisimama barabarani hadi shingo ikauma, dada ananivuta mkono, maana tangu nijue kushika bisibisi sijawahi kuona kifaa cha paa kinafanya kazi ya feni bila kuniuliza umeme unatoka wapi.

Nyumba zenyewe zimeelekezwa kusini, ambako kwao ndiko jua la baridi linakotokea, zina vioo upande huo, na kuta zake zimewekewa kihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite, chenye unene wa kama sentimita 30. Jua likiingia mchana, joto linabaki ndani usiku. Mita imewekwa jikoni, mahali pa kuonekana, si nyuma ya nyumba kwenye giza na buibui kama tunavyofanya sisi. Mama anapika, mita anaiona.

Sasa yaliyoharibika. Mtaa ule ulikuwa na mtambo wake wa umeme na joto. Ulipaswa kutumia vipande vya mbao, yale matawi yanayokatwa mijini: mbao inageuzwa gesi, gesi inaendesha injini, injini inatoa umeme, na joto lake linapasha maji ya nyumba zote. Mtambo wa namna hiyo unapenda kufanya kazi bila kupumzika. Lakini hapo ni katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo kuna saa za usiku haukuruhusiwa kunguruma. Ukazimwa, ukawashwa, ukazimwa. Kila unapopoa, lami ya ule moshi inaganda ndani ya mabomba. Mafundi wakahangaika nao, na mwaka 2005 ukasimamishwa, zikawekwa boila za gesi za kupasha maji. Mtaa uliotangazwa kwamba hautumii mafuta wala gesi ya ardhini ukawa unachoma gesi kama majirani zake.

Kulikuwa pia na mfumo wa kusafisha majitaka kwa mimea ili maji yarudi vyooni. Nao ukaachwa, gharama ya kuuendesha ilizidi faida. Paneli za sola zilipangwa zichaji magari 40 ya umeme ya wakazi. Magari hayo hayakununuliwa kwa wakati uliotarajiwa, umeme ukaenda majumbani.

Kwa habari hizo peke yake mtu angesema ule mradi umekufa. Lakini mwaka 2007 wakapima. Wakasoma mita nyumba kwa nyumba, wakalinganisha na wastani wa Sutton yote. Joto walilotumia lilikuwa pungufu kwa asilimia 81. Umeme pungufu kwa asilimia 45. Mtambo mkuu ulikuwa umekufa miaka miwili kabla, na bado!

Niliporudi hotelini, samahani, niliporudi kwa dada, sikulala mapema. Nilikuwa najiuliza imewezekanaje. Na jibu ndilo nililokuja kuwaambia leo. Kilichoendelea kufanya kazi ni ukuta, dirisha, mwelekeo wa nyumba na vile vijogoo vya paa. Kilichokufa ni kila kitu kilichohitaji spea, mkataba, na fundi maalumu wa kuitwa kutoka mbali. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na BedZED koleo lilivunjika kweli. Uhunzi ukabaki kwa sababu ulikuwa umejengwa ndani ya nyumba zenyewe.

Wapimaji wale hawakuishia kwenye mita. Waliwauliza wakazi wanakula nini, wanasafiri vipi, wananunua nini, kisha wakapiga hesabu: kama watu wote duniani wangeishi kama mkazi wa kawaida wa pale, tungehitaji zaidi ya dunia mbili. Nyumba ni nzuri, lakini mkazi anatoka mlangoni anapanda ndege, ananunua chakula kilichotoka mbali, anafanya kazi kwenye ofisi iliyojengwa kama ofisi nyingine zote. Ukipima nyumba tu unapata sifa, na ukimfuata mtu mpaka anakokwenda unapata ukweli mwingine. Waliuliza pia mkazi anawajua majirani wangapi kwa majina. Wastani ukawa 20. Hapa kwetu labda mtaona ni kidogo. Kwa London ile si jambo dogo, na mimi naliweka kwenye tathmini bila aibu, kwa sababu mtaa ambao watu hawajuani hauwezi kuchangishana betri.

Sitakaa sana Stockholm. Kuna mtaa unaitwa Hammarby Sjöstad, ulipangwa kwa matumaini ya kuandaa Olimpiki ya 2004, ambayo ilikwenda Athens. Wakaujenga hata hivyo, takataka zinavutwa na hewa kupitia mabomba chini ya ardhi, ni jambo la kupendeza. Lengo la kwanza la nishati lilikuwa uniti 60 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Majengo mengi yalipopimwa yalikuwa yanakula zaidi sana ya hapo. Sababu mojawapo ni madirisha makubwa ya kutazamia maji, maana nyumba yenye mandhari ndiyo inayouzika. Kumbukeni hilo mkiitazama ile picha na vioo vyake.

Wa Vauban, kule Freiburg, Ujerumani, nawapenda kwa jambo moja. Jeshi la Ufaransa liliondoka kambini hapo mwaka 1992, halmashauri ikachukua ardhi, na badala ya kumpa mjenzi mmoja mkubwa ikauza viwanja vidogovidogo kwa vikundi vya familia zilizoungana kujenga. Ushirika kama sisi. Watu wenyewe wakaketi na wasanifu wakabishana miaka. Leo wanaishi hapo watu kama 5,500. Wengi hawana gari, na mwenye gari halali nalo mlangoni: analipia nafasi kwenye jengo la maegesho pembeni mwa mtaa, kwa zaidi ya euro 17,000. Tramu ikawafikia mwaka 2006. Karibu na hapo msanifu Rolf Disch amejenga nyumba 59 ambazo kwa mwaka zinazalisha umeme mwingi kuliko zinavyotumia.

Lakini nawaambia na hili: mtaa ukiwa mzuri hivyo, bei inapanda. Mwalimu wa kawaida na mfanyakazi wa hospitali wanaanza kushindwa kupanga. Kwangu hilo ni kosa la uendelevu sawasawa na mtambo uliokufa. Mkaa hauondoki mjini kwa sababu watu elfu tano wenye uwezo wameacha kuutumia, ikiwa waliohamishwa kuwapisha wameupeleka Chanika, pembezoni mwa jiji letu.

Mjenzi wetu atakuja na cheti cha kusema mtaa wake unajali mazingira. Vipo vingi: LEED ya Marekani ina toleo la mitaa, Uingereza wana BREEAM, Japani wana CASBEE. Sivibezi, vimewafundisha watu kutazama mtaa mzima, siyo jengo moja. Ila vinakwenda kwa alama, na kwenye mfumo wa LEED nyumba za bei nafuu ni alama za hiari. Unaweza kuzikosa zote na cheti ukapata. Kwa hiyo akituonyesha cheti tumpongeze, halafu tumuulize: alama ulizoziacha ni zipi?

Sasa turudi kwetu.

Sisi hatuna baridi ya London. Adui wetu ni joto la Januari na Februari, na unyevu. Ukuta wa sentimita 30 wenye kihami joto hapa haunisaidii kama sina kivuli na upepo. Na upepo tunao! Tumekaa nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, kaskazi inaingia miezi ya joto, kusi inafuata kuanzia mwezi wa nne. Wazee wa pwani walijenga wakijua haya: ukuta mnene wa mawe, vyumba virefu vyembamba, baraza mbele, ua katikati. Sisi tumeyaacha tukaenda kwenye dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo ukilifungua lote limefunguka nusu. Halafu tunaweka AC.

Kwa hiyo tathmini yangu ya kwanza kwenye ile picha haikuhusu sola. Niliuliza kaskazini iko wapi. Na nimegundua kwamba maghorofa yale yametazama mashariki na magharibi, vyumba vya kulala vyote magharibi, ili sebule zione barabara. Jua la saa tisa alasiri litaupiga ukuta ule mpaka jioni, ukuta utalitapika joto hilo usiku kwa mtoto aliyelala. Hakuna paneli itakayofuta kosa hilo. Kugeuza jengo kwenye karatasi ni bure. Likishajengwa, hakuna wa kuligeuza.

La pili ni LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, na hapa naomba utulivu kidogo, maana ndipo penye pesa yenu.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake. Umeme upo, bwawa la Mwalimu Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Jiko la presha la umeme linaivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Nimepima mwenyewe jikoni kwangu, mke wangu ni shahidi. Kwa nini basi jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyepewa jiko hilo na mwanawe, amelifungia ndani ya boksi lake na kulitumia kama meza ya redio, na kila asubuhi yuko barazani anapepea mkaa wa kopo?

Nilikwenda kumuuliza. Akanionyesha karatasi. Nyumba anayopanga ina vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila familia inatumia uniti 20 hivi kwa mwezi: taa, simu, televisheni, feni. Kila mmoja wao angekuwa na mita yake angekuwa tarifu 4, ile ya wanaotumia chini ya uniti 75, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Lakini mita ni moja, jumla ni uniti 120, kwa hiyo nyumba nzima ipo kwenye bei ya shilingi 292 kwa uniti. Kwenye tarifu 4 shilingi elfu kumi inakupa zaidi ya uniti 80. Wao wanapata 28. Watu wenye matumizi madogo kuliko wote mtaani wanalipa bei ya mwenye friji mbili. Na huyo mama akichomeka jiko la presha, wenzake watano wanahesabu. Ameshaambiwa mara moja, mbele ya watoto wake, kwamba anamaliza umeme wa watu. Hatarudia.

Na hata mwenye mita yake hajapona. Anayeacha mkaa akapika kila kitu kwa umeme, akiongeza friji, anavuka 75. Kwa hiyo yule aliyefanya tulichomwomba ndiye anayepandishiwa bei. Naamini hili linarekebishika, na wahusika walirekebishe. Sisi tuliomo ndani ya chumba hiki tunaweza kufanya moja bila kumsubiri mtu: kila kaya katika mradi wetu, hata ya chumba kimoja, iwe na mita yake, tena ndani, jikoni. Liandikwe kwenye mkataba. Mjenzi ameweka mita moja kwa ghorofa ili apunguze gharama. Nimeiona kwenye mchoro wa umeme, ukurasa wa nne, imechorwa kwa herufi ndogo.

La tatu nitalisema kwa uchungu. Mnazikumbuka taa za sola za barabara yetu. Zilifungwa kumi na nne na kampuni moja, kukawa na maturubai na muziki na viongozi. Mwaka wa kwanza tulitembea usiku kwa raha, mabinti walirudi masomo ya jioni bila kusindikizwa. Mwaka wa tatu zikaanza kufa. Vijana waliniomba nipande nikaangalie. Nikafungua kisanduku cha taa ya kwanza, ile ya pale kwenye mwembe: betri imevimba kama tumbo la chura, vituo vyake vimeliwa na kutu ya kijani, ile ya hewa ya chumvi. Paneli ilikuwa nzima kabisa. Niliipangusa vumbi kwa kitambaa, nikaipima, ikasoma vizuri. Taa nzima, nguzo nzima, paneli nzima, imeuawa na betri moja. Tukatafuta nani aliyekabidhiwa. Halmashauri hawakuwa na karatasi, mtaa hatukuwa na karatasi, kampuni ilishafunga ofisi. Zile nguzo leo zinaanikwa nguo.

Ndiyo BedZED yetu hiyo, nusu iliyokufa. Nimejifunza kwamba kwenye kila kifaa cha mradi huu niulize mambo ambayo hayana utaalamu wowote: kitakufa lini, spea inapatikana Kariakoo au inaagizwa nje, nani atapanda ngazi, na hela yake iko kwenye akaunti gani. Betri za paa zina umri wake. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, ina umri wake. Mjenzi akisema dhamana ni miaka miwili, sawa, mwaka wa tatu ni wetu. Napendekeza mfuko wa matengenezo uanze siku ya kwanza, mdogo, unaokatwa pamoja na ada ya usafi, na vijana wawili wa hapa hapa mtaani wakae na mafundi wakati wa kufunga, washike kila nati. Kama mjenzi hakubali vijana wetu wawepo, tujue anatuuzia kitu asichotaka tukijue.

Kuhusu mahali sitaongeza mengi, maana kiwanja chetu kipo karibu na kituo cha mwendokasi na hilo Mungu ametujalia. Ila nimesikia kuna pendekezo la kubadilishana na eneo kubwa zaidi huko nje ya mji. Mzee mmoja kanong'oneza, ekari tatu kwa moja. Fikirini daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku, kwa kila mtu mzima wa kila kaya. Mafuta yatakayochomwa barabarani yatakula kila uniti tuliyookoa nyumbani, na saa tatu za mama barabarani ni saa tatu ambazo mtoto yuko peke yake. Mimi kura yangu ni hapana.

Ndugu mwenyekiti, najua kuna watu wamechoka kusubiri na wanaona nachelewesha. Mimi nami napanga, kodi yangu inaisha mwezi wa sita, nautaka mtaa ule kwa moyo wote. Naomba tu tusisaini mchoro huu kabla haujageuzwa uelekee kaskazini na kusini, kabla mita hazijatenganishwa, na kabla mfuko haujaandikwa.

Na naomba kazi ianze kwetu. Hatuwezi kupima kesho kama leo hatujaipima. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, nitakuwa hapa hapa chini ya mwembe na daftari. Njooni na meseji au risiti zenu za LUKU za miezi mitatu, mniambie mko familia ngapi kwenye mita, na mkaa mnanunua makopo mangapi kwa wiki. Asiyejua kusoma meseji yake aje na simu, tutaisoma pamoja. Tutaandika kaya kwa kaya, na daftari hilo litabaki kwa katibu, ili miaka saba ijayo atakayekaa kwenye kiti hiki awe na cha kulinganisha.

Mama uliyeniuliza swali, naomba uanze wewe. Leta na lile jiko lako kama unalo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.